Kabla ya Kuchanga Mtaji, Tuulize Soko Liko Wapi

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, matangazo yanayosomwa baada ya swala ya Ijumaa katika misikiti yetu ya Kinondoni, Temeke na viunga vingine vya Dar es Salaam yamebadilika sura. Tulizoea kutangaziwa michango ya kuezeka paa, kuchimba kisima na kumsitiri maiti asiye na jamaa. Siku hizi tunatangaziwa pia miradi: kufuga kuku, kuoka mikate, kufungua duka la vifaa vya ujenzi, kununua cherehani za akina mama, kuwakopesha vijana bodaboda. Hili ni jambo la kheri. Umma unaosubiri bahasha ya mfadhili ili uendeshe madrasa zake hauwezi kusema neno lake kwa uhuru, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha ubora wa mkono unaotoa.

Pamoja na kheri hiyo, lipo swali moja ambalo kamati zetu nyingi haziliulizi kabla ya kupitisha kikapu. Swali lenyewe ni hili: soko liko wapi? Nani atanunua, wangapi, kwa bei gani, na nani anawauzia hivi sasa? Nami naliandika jambo hili nikiwa mmoja wa waliokosea, si mtazamaji aliyesimama kando.

Mwishoni mwa mwaka 2021, katika msikiti tunaoswali huku Temeke, tuliamua kuanzisha tanuri la mikate. Waliochanga walikuwa wauza vitumbua, madereva wa bodaboda, wazee wastaafu na wajane wawili watatu waliotoa akiba zao wakiamini kwamba fedha zikiwa mikononi mwa watu wa msikiti ziko salama. Kamati ilikaa vikao vitatu. Tulijadili jina la mkate, rangi ya mfuko na nani atashika ufunguo wa chumba. Hakuna aliyeuliza kata yetu inakula mikate mingapi kwa siku.

Tulianza kuoka Januari 2022. Haukupita muda bei ya unga wa ngano ikapanda, nasi tukashangaa, kumbe sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini hutoka nje, na mwaka ule vita vya Urusi na Ukraine viliitikisa bei yake dunia nzima. Tulipopeleka mikate madukani tuliwakuta wenye maduka wanaletewa na viwanda vikubwa kwa mali kauli, na mikate isiyouzika inachukuliwa kesho yake bila gharama. Sisi tulitaka fedha taslimu. Kisha mwanzoni mwa Aprili ukaingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, na wateja wetu wengi, ambao ni Waislamu, wakaacha kununua mkate wa asubuhi kwa sababu wamefunga. Fikiri, ndugu msomaji: kamati nzima ya watu wa msikiti ilisahau kuitia Ramadhani katika hesabu zake!

Kabla mwaka haujaisha tanuri liliuzwa kwa bei ya hasara. Wenzetu wawili, katika kuhangaika kulinusuru, walikuwa wamekwishakopa kwenye mikopo ile ambayo watu wa mitaani wameipa jina la kausha damu. Hivyo mradi ulioanzishwa ili kuwaepusha Waislamu na riba ukawa ndio mlango wa kuwaingiza humo.

Siku ya kutoa taarifa, mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba yote ni qadar ya Allah na tusubiri. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amechanga akauliza kwa upole kutoka upande wa akina mama: “Wanangu, qadar tunaiamini. Lakini mliuliza kabla ya kuanza?” Hakuna aliyemjibu.

Alichokiuliza Abdurrahman bin Auf

Swali la mama yule lina asili katika mwenendo wa Maswahaba. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina akiwa hana kitu, Mtume (s.a.w.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii (r.a.), mmoja wa matajiri wa Answari. Saad akamtaka agawane naye mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman alimuombea baraka katika mali na ahli yake, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, naye hakurejea ila akiwa na jibini kavu na samli aliyoipata kwa biashara. Baadaye alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Maswahaba.

Tuuzingatie mpangilio wa jambo hili. Mtaji uliletwa mbele yake bila riba, bila dhamana na bila masharti. Yeye akatanguliza soko. Sisi leo tumeugeuza utaratibu huo juu chini: tunatafuta mtaji kwanza kwa mwaka mzima, na soko tunakwenda kuliona siku bidhaa imeshatoka tanurini.

Mfano wa pili umo ndani ya Qur’an, katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Alipofasiri ndoto ya mfalme (12:47-49) aliwapa watu wa Misri mpango kamili: miaka saba ya kulima, namna ya kuihifadhi nafaka katika mashuke yake, kiasi cha kula, kisha miaka saba ya shida na mwaka wa neema baada yake. Na alipoomba asimamizi hazina za nchi (12:55) alijitaja kwa sifa mbili, uhifadhi na ujuzi. Kamati zetu huwatafuta watu wenye sifa ya kwanza, nao wapo, alhamdulillah. Sifa ya pili hatuiulizi kabisa. Mtu mwaminifu asiye na ujuzi hataiiba mali ya waumini, lakini ataipoteza, na mjane aliyechanga hataona tofauti kubwa baina ya mambo hayo mawili.

Aidha Allah (s.w.) ametukataza kulifuata jambo tusilokuwa na elimu nalo, na akatutanabahisha kwamba masikio, macho na nyoyo vitaulizwa (17:36). Aya hii tumezoea kuitumia katika kuwakemea wasengenyaji na wazushi. Je, haimhusu mwenye kusimama mbele ya jamaa na kutangaza kuwa mradi huu una faida, ilhali hajui wanunuzi ni wangapi?

Soko limeandikwa, nasi hatusomi

Zama za Abdurrahman soko lilikuwa uwanja mmoja ambao mtu aliweza kuuzunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Soko la Dar es Salaam leo ni watu zaidi ya milioni tano waliotapakaa kutoka Bunju mpaka Mbagala na kutoka Chanika mpaka Kigamboni. Hakuna mzee wa kamati anayeweza kulimaliza kwa macho yake. Lakini sehemu kubwa ya soko hilo imekwishahesabiwa na kuandikwa, na maandishi hayo yamo katika maktaba na ofisi ambazo daladala zetu hupita mbele yake kila siku.

Iko Maktaba Kuu ya Taifa katika barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa mujibu wa sheria, maktaba hii hupokea nakala za machapisho yanayotolewa nchini, na humo zimo ripoti za serikali ambazo wengi wetu hatujui kuwa zipo. Katika barabara hiyo hiyo kipo Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa mwaka 1965. Kinondoni yapo makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, pamoja na hazina kubwa ya maandishi yanayohusu Afrika Mashariki. Kila maktaba ina utaratibu wake wa kuwapokea wageni, na barua ya utambulisho kutoka msikitini au serikali ya mtaa haina gharama.

Ndani ya maktaba za vyuo kuna kitu kinachoitwa kanzidata. Hili ni ghala la kielektroniki ambamo majarida, ripoti za viwanda na takwimu kwa maelfu zimepangwa ili msomaji azitafute kwa mada, kwa nchi na kwa mwaka. Baadhi huuzwa na makampuni ya nje, kama vile EBSCO la Marekani lenye kanzidata mahususi ya biashara, au Emerald la Uingereza. Ripoti moja ya soko ikinunuliwa na mtu binafsi huweza kumgharimu mamia au hata maelfu ya dola. Maktaba za vyuo na taasisi za utafiti nchini hushirikiana kupitia muungano wao wa COTUL ili kupunguza mzigo wa gharama hizo. Upo pia mpango wa kimataifa wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na kuongezewa ya kilimo na chakula mwaka 2003, ambao huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma bure au kwa gharama ndogo. Mwenye kutaka kufuga kuku atakuta humo tafiti za magonjwa, chakula cha mifugo na masoko yake, nyingine zikiwa zimefanywa hapa hapa nchini.

Vingine ni bure kwa kila mtu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa matokeo ya sensa, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, na kila mwezi fahirisi za bei za mlaji. Benki Kuu hutoa mapitio ya uchumi ya kila mwezi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeweka wazi takwimu za mazao ya nchi zote, na Benki ya Dunia ilifungua takwimu zake kwa umma mwaka 2010. TanTrade, mamlaka ya kuendeleza biashara, iko katika viwanja vya Sabasaba, barabara ya Kilwa, ndani ya Temeke yenyewe. Sisi wa Temeke tunapajua mahali hapo kwa maonyesho ya Julai, na miezi kumi na moja iliyobaki hatuna habari napo.

Tuzihakiki takwimu kama tunavyohakiki riwaya

Huenda msomaji akasema kwamba takwimu nazo hudanganya. Ni kweli, na hapa ndipo Muislamu alipaswa kuwa mbele ya wengine, kwani sisi ni umma wa isnadi. Wanazuoni wa Hadithi hawakuipokea kauli mpaka wamjue aliyeipokea, kwa nani, lini, na kama hifadhi yake ilikuwa thabiti. Vivyo hivyo kila tarakimu ya soko ina msimulizi wake. Nani alihesabu? Mwaka gani? Aliwauliza watu wangapi, na wa wapi? Alikuwa na maslahi gani? Tarakimu inayopita kwenye simu bila jina la aliyehesabu ni riwaya isiyo na sanadi, na haifai kujengewa hoja. Hali kadhalika zile zinazotolewa kwa ufasaha na programu za akili mnemba: asiyeonyesha chanzo kinachoweza kufunguliwa na kusomwa, tusimpokee.

Nitoe mfano wa karibu. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Kinondoni kuwa na watu 1,775,049. Sensa ya mwaka 2022 ikaihesabu kuwa na watu 982,328. Msomaji wa haraka atasema watu wamehama Kinondoni, soko limekufa, tupeleke mradi kwingine. Lakini baina ya sensa hizo mbili Wilaya ya Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, kama Kigamboni ilivyokatwa kutoka Temeke. Ukizirudisha pamoja, Kinondoni na Ubungo zilikuwa na watu 2,069,240 mwaka 2022, yaani ongezeko la watu 294,191. Temeke, ambayo mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,368,881, ukiichanganya na Kigamboni ilifikia watu 1,664,576, ongezeko la 295,695. Nayo Ilala ilipanda kutoka 1,220,611 hadi 1,649,912. Tarakimu zote ni sahihi, ila asiyejua mipaka ilivyobadilika atatoka na hukumu ya uongo kutoka katika ushahidi wa kweli. Ndiyo maana tumeamrishwa kubainisha habari kabla ya kuzitendea kazi (49:6).

Upo na mtego mwingine ambao unatuhusu sisi zaidi. Takwimu za biashara hupangwa kwa miezi ya miladi, ilhali Ramadhani na Idi hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2022 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Aprili. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Anayelinganisha mauzo ya Aprili 2022 na Aprili 2025 analinganisha mwezi wa futari na mwezi wa kawaida. Hakuna mtaalamu wa London atakayetuandalia jedwali hilo. Sisi wenyewe, tunaofunga na kufuturu, ndio tunaopaswa kuliandaa.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Turejee kwenye tanuri letu. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kata ina watu 43,000. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya moja nchini ina wastani wa watu 4.3, basi hapo pana kaya zipatazo 10,000. Tuseme tumeuliza nyumba kwa nyumba katika mitaa michache na kukuta kaya nne katika kila kumi hununua mkate mmoja kwa siku. Soko zima la kata ni mikate 4,000. Tukizunguka madukani na kukuta waletaji waliopo wanashusha 3,600, nafasi iliyobaki ni 400. Mradi unaohitaji kuuza mikate 1,500 kwa siku ili ulipe kodi ya chumba na mishahara umekufa kabla moto haujawashwa.

Hesabu hii inahitaji jioni moja ya maktaba na siku tatu za kutembea kwa miguu. Maktaba ingetupa idadi ya watu na kaya, mwenendo wa bei ya unga kwa miaka kadhaa, na habari kwamba ngano yetu inategemea nje na hivyo bei yake haiko mikononi mwetu. Miguu ingetupa habari ya mali kauli, ambayo haimo katika kanzidata yoyote. Hapana budi tukiri mpaka huu: ripoti za makampuni ya nje huzungumza zaidi kuhusu maduka makubwa na bidhaa zenye majina, na mama lishe wa Tandika au muuza duka wa Manzese hamkuti humo. Anayetegemea kompyuta peke yake atapotea kama anayetegemea uzoefu peke yake.

Kwa wale wanaosema kwamba rizki ni ya Allah na kuhesabu ni kukosa tawakkul, jibu linajulikana. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Na katika kisa cha kupandikiza mitende kilichopokewa na Imam Muslim, aliwaachia watu wa Madina mambo ya dunia yao wanayoyajua zaidi. Bi Khadija (r.a.), mama wa waumini, aliendesha biashara iliyofika Sham, na alimkabidhi mali yake kijana Muhammad (s.a.w.) baada ya kupata habari za ukweli na uaminifu wake. Hakukabidhi kwa kubahatisha.

Wapo pia wanaosema kwamba maandishi hayo ni ya Kiingereza na wazee wetu hawakijui. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, ingawa machapisho kadhaa ya Ofisi ya Takwimu hutoka kwa Kiswahili pia. Lakini tazameni safu zetu za swala. Wapo vijana waliomaliza shahada za biashara, uhasibu na ualimu, wengine wakiwa bado vyuoni. Tunawakumbuka wakati wa kubeba mchanga wa ujenzi na kupanga viatu siku ya Idi. Ni nani amewahi kuwaambia, “Vijana wetu, nendeni maktaba, mtuletee habari za soko la kuku kwa kurasa nne za Kiswahili”?

Amana katika kutafuta habari

Ni vema tukatahadharishana katika mambo mawili. La kwanza ni kuazimana maneno ya siri ya kuingilia kanzidata za vyuo. Mwanafunzi hupewa neno lake la siri kwa makubaliano, na Allah (s.w.) ameamrisha makubaliano yatekelezwe (5:1). Kumgawia mtu asiyehusika ni kuvunja ahadi, hata kama nia ni kusaidia msikiti. Njia ya halali ipo: kwenda maktaba kama mgeni, kumuuliza mkutubi, na kusoma pale pale. Mkutubi ni mtu ambaye kazi yake ni kuulizwa, na wengi wao hukaa siku nzima bila kupata swali la maana.

La pili ni maandiko ya miradi yanayouzwa tayari katika vibanda vya kuchapa na kutoa nakala. Mtu hulipa, hubadilishiwa jina la kikundi, na tarakimu za mradi wa mkoa mwingine zinabaki vile vile. Kisha andiko hilo hupelekwa halmashauri. Tunafahamu kwamba halmashauri zimewekewa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwamba mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa Muislamu anayeikimbia kausha damu huu ni mlango mkubwa. Je, tuuingie kwa ushahidi wa uongo? Kikundi kinachoandika kwamba kimefanya utafiti wa soko ilhali hakijafanya kinamdanganya mkopeshaji, na kabla yake kinajidanganya chenyewe. Benki zinazofuata sharia nazo, tangu Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011, hufanya biashara ya kushiriki na kuuziana. Anayeshiriki nawe katika mradi ana haki zaidi ya kuujua ukweli wake kuliko anayekukopesha na kungoja riba.

Tufanye nini?

Kwanza, kila msikiti wenye mradi uwe na watu watatu wa habari za soko, angalau mmoja wao akiwa mwanamke, kwa sababu akina mama ndio wanunuzi na wauzaji wakubwa wa mahitaji ya nyumbani, na wanajua mambo ambayo kamati ya wanaume haitayaona.

Pili, mchango wowote usitangazwe mpaka taarifa fupi ya soko isomwe mbele ya jamaa: wanunuzi ni nani na wangapi, wauzaji waliopo ni nani, malighafi inatoka wapi, Ramadhani na masika vitaleta mabadiliko gani, na kila tarakimu imetoka wapi. Anayechanga baada ya kusikia hayo anachanga kwa hiari iliyo na elimu. Ikiwa mradi utapata hasara baada ya hapo, hapo ndipo neno qadar litakuwa mahali pake.

Tatu, taarifa hizo zihifadhiwe, zikiwemo za miradi iliyokufa. Misikiti ya Mbagala, Tandale, Mwananyamala na Tegeta ipeane. Leo kila msikiti unafuga kuku upya na kufilisika upya kwa sababu ile ile, kana kwamba hakuna aliyetangulia. Tukikusanya taarifa za miaka mitano tu, tutakuwa na kanzidata yetu wenyewe, yenye habari za mali kauli, za Ramadhani na za mama lishe, ambazo hakuna kampuni ya nje itakayotuuzia.

Nne, maimamu na walimu wetu walizungumzie jambo hili katika darsa na khutba. Neno la kwanza kuteremshwa lilikuwa amri ya kusoma. Si sahihi kwamba umma huo huo ukipita mbele ya Maktaba Kuu uione kuwa ni jumba la wanafunzi wa mitihani peke yao.

Ndugu zangu katika imani, mama yule aliyetuuliza swali bado anaswali nasi. Hakudai fedha zake, na kila anapomkuta mjumbe wa kamati humsalimia kwa wema kama kawaida. Lakini sisi tunajua kwamba swali lake tumebaki nalo, na kwamba liko swali kubwa zaidi kuliko hilo, siku ambayo mja ataulizwa juu ya mali aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Mali ile haikuwa yetu. Tuliikusanya kwa jina la msikiti, tukaipeleka sokoni bila ya kuuliza soko liko wapi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, atuzidishie elimu yenye manufaa, na azibariki chumo za Waislamu zilizo za halali. Amin.

Wabillahi Tawfiq.